Sumu Chini ya Gunia

Je, muuzaji ana dhambi kwa sumu asiyoiona? Gunia la mahindi likifunguliwa dukani Kisauni, punje za juu hung'aa. Za chini, zilizopata unyevu, zina ukungu wa kijani. Kuvu hiyo hutoa aflatoksini, inayosababisha saratani ya ini, na moto wa sufuria hauimalizi.

Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi Makueni na Kitui.

Kuhusu dhambi, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji wa mvua, akamkemea mwenye chakula. Mvua haikuwa kosa lake. Kuficha ndiko kosa.

Basi mwenye duka Likoni au Changamwe anayechanganya punje mbovu na nzima kwa kujua hana udhuru. Azitupe zile mbovu, asiwape hata kuku.