Je, Ndiye Huyu?

Baba mmoja wa Ipililo, mkoani Simiyu, alitulalamikia juu ya mwanawe. Kijana huyo amepata kitabu kinene cha Kiingereza, chenye falme zisizopata kuwako, ramani, lugha za kubuni na mafumbo tele, naye hukaa nacho kila usiku hata baada ya wenzake kulala. “Padre,” atuuliza, “mambo yasiyo ya kweli, tena magumu namna hiyo, yana faida gani?”

Swali hilo lastahili jibu la heshima. Kitabu chenyewe ni The Lord of the Rings cha J. R. R. Tolkien, mwalimu wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Kilitoka kwa mafungu matatu, mwaka 1954 na 1955. Humo wasafiri wafika penye mlango wa mawe usiofunguka. Kiongozi wao, mwenye hekima kuliko wote, ajaribu maneno mengi ya siri, yote bure. Kumbe neno lililotakiwa lilikuwa limeandikwa pale pale mlangoni, nalo ni “rafiki” tu. Hata mwenye hekima alisoma vibaya mara ya kwanza.

Lakini mzee wetu hana haja ya kwenda Oxford. Usukumani watoto waliketi kwenye shikome, penye moto wa jioni, wakisikiliza habari za Shing’weng’we, zimwi lililomeza watu wote. Alisalia mama mmoja mja mzito, akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua na kuambiwa yaliyotokea, akatoka kumtafuta adui. Akaua panzi, akamletea mama: “Je, ndiye huyu?” Mama akajibu: “Siye.” Akaua ndege: “Siye.” Akaua mnyama wa porini: “Siye.” Watoto walisikiliza wakitamani mwisho, na huku wakiomba usifike upesi.

Hapo twaona siri ya hadithi ndefu yenye mafumbo. Yatunyima jibu, nasi twaipenda kwa sababu hiyo. Kila tunapodhani tumefahamu, yatuambia: “Siye.” Nasi hatukasiriki, twafungua ukurasa mwingine. Hata katika vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Lakini raha yote ilikuwa kabla ya kuutoa mji. Anayeutoa mara moja amepata jibu, ila hakupata akili.

Je, huo ni mchezo tu? La hasha. Mtoto akifa ghafula, ng’ombe wakiangamia, moyo wetu hutaka kujua upesi: nani amefanya? Katika Usukuma huu huu vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Watu waliuliza, “Je, ndiye huyu?” na hakuwako mama wa kusema, “Siye.” Waliotenda hayo hawakukosa jibu, walikosa uvumilivu wa kukaa bila jibu.

Basi tukumbuke hadithi inavyokwisha. Masala Kulangwa alipompasua Shing’weng’we, watu wakatoka wazima. Lakini kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye bibi akawaka hasira. Shujaa hakumwita mchawi. Alitafuta dawa akamponya. Ndipo watu wakamfanya mtemi wao. Naam, aliyemshinda zimwi alipewa utemi baada ya kuponya sikio la bibi.

Hatusemi kwamba kila kitabu kinene ni chema. Yuko asomaye ili asiione nyumba yake, na mafumbo yamekuwa kwake maficho. Kijana akisoma usiku kucha, asubuhi mifugo ikakosa mchungaji, baba ana haki ya kukifunga kitabu. Masala Kulangwa mwenyewe hakuketi nyumbani kuuliza tu, alitoka.

Kwa hiyo, baba mpenzi, usimnyang’anye mwanao kitabu. Keti naye jioni, umwulize amefika wapi, kisha umsimulie habari za Shing’weng’we. Na siku kijiji kitakapomnyoshea kidole bibi kizee fulani, heri awepo kijana mmoja aliyezoea kungoja, mwenye uwezo wa kusimama mbele ya watu wote akasema: “Siye.”