Daftari la Mwalimu

Katika mji mdogo mmoja kando ya Reli ya Kati aliishi mwalimu mstaafu aliyependwa kuliko viongozi wote wa kata. Jumamosi aliongoza msaragambo wa kuzibua mtaro wa sokoni. Mgonjwa akizidiwa usiku, yeye ndiye aliyeamshwa atafute usafiri. Na kila jambo aliliandika daftarini: nani kaleta jembe, nani katoa mchanga, nani hakuonekana. Uandishi ule ulikuwa wa heri, kwani aliyekosekana mara mbili alitembelewa, huenda anaumwa.

Uchaguzi ulipokaribia watu wakamsihi achukue fomu ya udiwani. Akashinda kura za maoni za chama chake bila kumpa mjumbe hata nauli. Alijivunia hilo, na ilikuwa haki yake. Mahakama Kuu ya Tanzania iliibatilisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, lakini khanga na sukari bado hupita gizani. Yeye hakugawa kitu.

Ila alitembea na daftari kwapani, akalifungua nyumba kwa nyumba. "Mama, mwanao alipobanwa na kifua, nani alimfikisha hospitali?" "Kijana, msingi wa nyumba yenu walichimba akina nani?" Watu walijibu, "Ni wewe, Mwalimu," wakiinamisha macho, naye akadhani ni heshima. Mzee muuza mihogo peke yake ndiye aliyemuuliza: "Mwalimu, siku ile ulinisaidia au ulinikopesha?" Mwalimu alicheka, akageuza ukurasa.

Kwangu mimi kosa hili ni zito kuliko la khanga. Mgawa khanga hununua kura ya siku moja. Mwenye masimango hurudi nyuma akauharibu hata wema uliokuwa safi ulipotendwa, na hakuna sheria ya kumkamata. Ndiyo maana hata mgombea mwadilifu hutumbukia humo akiamini mikono yake haina doa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na mengi ya kusema. Alijua mtaro unaziba kwa sababu kalavati la barabara ya stendi ni jembamba, na majembe ya Jumamosi hayawezi kulipanua. Hiyo ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na diwani ndiye wa kuisemea barabara ya kata yake kwenye baraza. Alivijua pia vikundi vilivyokuwa vikisubiri mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mambo hayo yangefika mezani pake. Jukwaani hakuyagusa. Alisoma majina.

Mpinzani wake, ambaye hakuwahi kukanyaga tope la mtaro ule, aliuliza jambo moja kila mkutano: ushuru wa soko unaolipwa kila siku unatufanyia nini hapa? Akashinda.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alifika mtaroni na jembe lake, maana si mtu wa kususa. Walikuja wachache. Kabla hawajaanza, kijana mmoja alimsogelea kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu. Kazi nitafanya, ila naomba nisiandikwe." Wenzake nao wakaomba hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine.