Dawa ya Mbuzi Saba

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, nilinunua dawa ya minyoo ya mbuzi hapa Magoma. Bwana mifugo alinionya kwamba kipimo hufuata uzito wa mnyama. Fedha yangu ilitosha dawa ya mbuzi saba, nami nilikuwa nao kumi na mmoja. Nikawagawia wote kidogo kidogo, kama mama agawavyo uji usiotosha. Yupi ningemnyima?

Asiyefuga pengine hamjui mnyoo huyo, ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Hukaa katika tumbo la nne la mbuzi au kondoo akinywa damu, na jike mmoja huweza kutaga mayai elfu tano na zaidi kwa siku. Mayai hutoka na mavi, vijiminyoo vichanga hupanda majani yenye unyevu, na mnyama mwingine akayala. Hata ngamia ana wake, wa jamii hiyo hiyo. Mbuzi aliyezidiwa hupauka kope, kisha huvimba chini ya taya.

Nilichelewa kujua kuwa dawa pungufu huua minyoo dhaifu na kuwaacha wenye kuihimili, na hao ndio wanaozaa. Thiabendazole ilianza kutumika mwaka 1961. Kufikia 1964 huko Marekani ilikwisha kuonekana minyoo ya kondoo isiyoisikia. Kwetu Tanzania watafiti waliandika habari za usugu wa namna hiyo mwaka 1991.

Machungani hatuna ua. Jirani yangu, mama mjane, alinunua dawa ile ile, akatimiza kipimo bila kupunguza tone, akafiwa na majike wawili.

"Jirani, wameniuzia maji," aliniambia.

"Pole, mama," nikajibu, nikanyamaza.

Je, nilimkosea? Hakuna hakimu awezaye kuthibitisha. Huenda minyoo yake ilikuwa sugu tangu zamani, au ilitoka kwa wengine waliogawa kama mimi. Nilijitetea hivyo kwa muda mrefu. Lakini utetezi huo unamfaa kila mmoja wetu, na ukitufaa sote, basi majike wale hawakuuawa na mtu.

Nia yangu ilikuwa njema, na hilo ndilo linalonisumbua. Njia iliyo bora inafanana na upendeleo: kufunua kope, kumpa kipimo kamili aliyepauka, na kumwacha mwenye kope nyekundu bila dawa, ili minyoo isiyoizoea dawa ibaki ikichanganyika na ile sugu.

Siku hizi nafanya hivyo. Jirani hunikuta nikiwafunua mbuzi macho, hucheka na kuuliza natafuta nini. Habari ya kope nimemweleza. Ile ya mbuzi saba bado.