Kumtoa Mtoto Shuleni Ili Asomee Nyumbani: Nani Aamue?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Kila mwaka mwezi wa tisa ukikaribia, kuna neno linaloingia katika nyumba zetu nyingi. Baba anarudi jioni, anaketi, anasema: "Mwaka huu watoto hawarudi shuleni. Tutawafundisha wenyewe hapa nyumbani." Pengine anasema hivyo kwa hasira, pengine amefikiri miezi. Wengine wamekuja kutuuliza kama jambo hilo linafaa katika dini, na leo tunapenda kuzungumza nanyi juu yake.

Tusimcheke mwenye kusema hivyo, maana sababu anazo. Shule ya msingi ya Serikali imetangazwa kuwa ya bure tangu mwezi wa tisa 2019, lakini mwenye watoto wa sekondari bado anajua bei ya kila trimestri. Na hiyo bure yenyewe ilijaza kalasi mpaka watoto wakakaa chini. Kuna mtoto aliyewekwa zamu ya mchana, naye saa ya swala ya Ijumaa iko palepale anapoingia kalasini. Kuna binti aliyeambiwa avue kitambaa cha kichwa getini. Tena wazazi wengi walikwisha kuonja ualimu bila kuuomba: mwezi wa tatu 2020 shule zote za nchi zilipofungwa kwa sababu ya korona, na mwanzo wa 2025 vita ilipofika Goma na Bukavu. Wengine wakaona kwamba mtoto akifundishwa na mama yake kwa utulivu anaelewa haraka kuliko katika kundi la watoto themanini. Nao hawakusema uongo.

Basi je, ni haramu? Hapana. Hakuna aya wala hadithi inayosema elimu haipatikani ila kwenye jengo lenye ubao na kengele. Wengi wa maulamaa wetu wakubwa walianzia kwenye mikeka ya nyumbani na misikitini. Na sheria ya nchi? Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwaelimisha watoto wao, na kifungu hichohicho kinasema elimu ya msingi ni lazima. Hata mtihani wa Serikali wa mwisho wa sekondari una nafasi ya wale waliojisomea wenyewe, wanaoitwa otodidakti, ingawa wao hupimwa kwanza kwa mtihani wa awali kabla ya kukubaliwa. Mlango upo. Ni mwembamba, lakini upo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, swali si kama inaruhusiwa. Swali ni hili: uamuzi huo ni wa nani, na mzigo wake utabebwa na nani?

Tazama Suratul-Baqara, aya ya 233. Mwenyezi Mungu anazungumza hapo juu ya kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka 2 kutimia. Jambo dogo la nyumbani, wengi wetu tungesema ni la wanawake. Lakini Mola wetu ameliwekea masharti mawili: baba na mama waridhiane, na washauriane. Kuridhiana peke yake hakukutosha, na kushauriana peke yake hakukutosha. Sasa ikiwa kumtoa mtoto kwenye ziwa la mama kunataka shauri la watu wawili, wewe unamtoaje kwenye shule kwa neno lako moja, ukiwa umesimama mlangoni na viatu mguuni?

Mimi ninayeandika karatasi hii nina jambo la kusema hapa. Mwaka 2011 nilimtoa binti yangu wa pili, alikuwa ameanza mwaka wa kwanza wa sekondari. Pesa zilikuwa zimenikauka, na mwalimu mmoja alikuwa amemtolea maneno ambayo baba hapendi kuyasikia juu ya binti yake. Niliamua siku ileile. Mama yake nilimwambia, sikumwuliza. Nikanunua daftari 4 na chaki, nikasema nitamfundisha mwenyewe kila asubuhi baada ya alfajiri, Qur'ani kwanza, kisha Kifaransa na hesabu.

Nilimfundisha wiki 3. Kisha nikapata safari ya biashara, nikarudi baada ya mwezi, nikafundisha siku 2, nikasafiri tena. Mama yake alikuwa sokoni, na mtoto mchanga hakuwa na mtu wa kumbeba mgongoni ila huyo mwanafunzi wangu. Watu wakiniuliza nilijibu kwamba anasomea nyumbani, na nilikuwa najisikia vizuri nikisema hivyo. Mwaka ukapita. Mdogo wake akamfikia kalasi, akampita. Yeye hajanilaumu hata siku moja, ni mtoto mwenye adabu. Lakini alipozaa mtoto wake wa kwanza nilimsindikiza kituo cha afya, na mwuguzi aliyekuwa anajaza karatasi akamwuliza: "Mama, ulisoma mpaka wapi?" Binti yangu hakujibu. Akanitazama mimi.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia anataka watoto wake wasomee nyumbani, namwuliza maneno makavu. Nani atafundisha? Saa ngapi mpaka saa ngapi? Siku ukisafiri, nani atashika chaki? Nani, asiyekuwa wewe, atakuja kumpima mtoto na kusema ukweli? Asiyeweza kujibu haya hafundishi nyumbani. Anakatisha masomo ya mtoto na kuyapa jina zuri. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale anaowalisha. Na kupotea si njaa tu.

Niongeze neno juu ya mabinti. Mvulana akitolewa shuleni watu wanauliza sasa atafanya nini. Binti akitolewa hakuna anayeuliza, kwa sababu jibu linamngoja: maji, vyombo, mtoto wa mgongoni. Ukiona katika nyumba yako "kusomea nyumbani" kumewaangukia wasichana na wavulana wanaendelea kuvaa yunifomu, jichunguze.

Wako watakaosema: mimi simtoi kwa sababu ya pesa, namtoa kwa ajili ya dini yake. Neno hilo ni zito, na sisi Waislamu wa nchi hii tunalo tangu zamani. Wazee wetu wa Kasongo na Nyangwe, wakati wa Mbelgiji, shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na kwa wengi kuingia shule ilikuwa ni kuelekea ubatizo. Wakawaweka watoto nyumbani na kwenye vyuo vya Qur'ani. Shule za serikali zisizo na mapadri zilianza kufunguliwa kwa watoto Wakongomani mnamo 1954, miaka 6 tu kabla ya uhuru. Siwalaumu wazee hao. Sisi kuwa katika safu leo ni kwa sababu yao. Lakini tusifiche na bei waliyolipa wajukuu: uhuru ulipofika, ofisi ziliwataka wenye diploma, na Waislamu waliokuwa nazo walikuwa wachache mno. Wao hawakuwa na njia ya tatu. Wewe unayo: kuna shule za kiislamu zenye mapatano na Serikali, kuna direkta unayeweza kwenda kumwona ofisini kwake kwa heshima ukaomba zamu ya asubuhi, kuna madrasa ya jioni. Je, umekwisha kugonga milango hiyo?

Tukumbuke na mateka wa Badri. Baadhi yao walikuwa hawana fidia, na imepokewa kwamba Mtume aliwakubalia wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Walimu hao hawakuwa Waislamu, jana yake walikuwa wameshika panga. Lakini watoto walirudi jioni kwa baba na mama waliojua kazi yao. Nyumba ikiwa dhaifu, hata ukimfungia mtoto ndani hutamlinda.

Naye mtoto mwenyewe? Nabii Ibrahim alikuwa na amri iliyotoka kwa Mola wake, hakuhitaji rai ya mtu. Hata hivyo alimweleza mwanawe ndoto yake na kumtaka atazame, aseme anaonaje (As-Saffat, 102). Sisi hatuna amri, tuna maoni tu, na hatuulizi.

Mwezi wa nane jirani mmoja aliniita nyumbani kwake. Alitaka kuwatoa watoto wote 4. Nikamwomba tukae pamoja, yeye, mama watoto na watoto wakubwa. Binti wa miaka 14 alisema kwa sauti ndogo kwamba shule anaipenda, linalomtesa ni ile zamu ya mchana tu. Kumbe ndilo hilo, na baba hakulijua. Wa mwisho, mvulana wa miaka 7, ana kigugumizi, kila asubuhi analia kwa sababu wenzake wanamwiga. Huyo hakuna aliyebisha kwamba apumzishwe. Ndipo mama akasema kwamba yeye alisoma pedagojia na diploma yake iko ndani ya sanduku. Mume alisema alikuwa amekwisha kuisahau.

Wakakubaliana hivi: watatu waendelee na shule, baba aende kwa direkta kuomba zamu ya asubuhi. Mdogo afundishwe na mama mwaka mmoja, saa 2 mpaka saa 5, na kila mwisho wa trimestri mwalimu wa mtaani aje ampime. Wakaandika kwenye karatasi, wakatia sahihi wote wawili.

Tulipokuwa tunainuka mama akauliza: "Na mimi nikiwa nafundisha asubuhi, mandazi yatauzwa na nani?" Maana pesa ya mandazi ndiyo iliyokuwa inanunua unga wa nyumba ile. Baba alinyamaza kitambo. Tukakaa chini tena. Mwisho akasema asubuhi hizo ataisimamia meza ile yeye mwenyewe, na kazi yake ya kushona ataianza saa 5.

Wabillahi tawfiq.