Kibanja cha Shangazi

Mwaka 1987 shangazi yangu, aliyeolewa Nyakahura, Biharamulo, alitaka kuuza kibanja alichoachiwa na babu kwa wosia kule Rulenge, Ngara. Ukoo ukakaa, ukasema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kibanja akapewa baba. Kahawa yake ndiyo iliyonisomesha mimi.

Wala ukoo haukubuni. Kanuni ya 20 ya Sheria za Mila zilizotangazwa 1963 ilisema vivyo hivyo: mwanamke atumie mpaka afe, kuuza hapana. Halafu tarehe 22 Februari 1990, katika shauri la Ephrahim na Pastory lililoanzia Kashasha, Muleba, hapa hapa Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba. Mama yule, aliyeuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, akashinda.

Sasa ndugu msomaji, shangazi je? Kanuni ilianza lini kuwa batili? Siku jaji alipotia sahihi? Haki hizi ziliandikwa kwenye Katiba mwaka 1984, ila serikali ikajipa miaka 3 ya kurekebisha sheria zake. Mahakama zikaanza kuzitumia Machi 1988. Yaani 1987 shangazi alikuwa na haki, lakini mlango wa mahakama umefungwa. Haki gani hiyo, ya kufungiwa kabatini?

Na mtindo huu haujaisha. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa serikali muda, na sheria mbovu ikahesabiwa halali wakati huo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilipokataa vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, ilitoa mwaka mmoja. Rufaa ya serikali ikaanguka Oktoba 2019. Aliyeozwa hapo katikati tumhesabu wapi?

Wanasheria husema ukirudi nyuma utavuruga watu. Kweli, nisiwe mnafiki: baba amezikwa pale kibanjani, na tukifukua kila kilichogawanywa tangu 1963 hakuna atakayelala. Lakini hoja hiyo inamfaa mnunuzi wa mbali asiyejua kitu. Baba aliujua wosia. Mimi naujua. Mahakama kuiacha jana ilivyo hakunifutii deni.

Msimu uliopita nilimpelekea shangazi nusu ya fedha za kahawa. Akazihesabu taratibu, akaniuliza, "Hizi ni za mwaka gani, mwanangu?"