Shukuruni Mko Hai

Kina mama wauza omena wa Busia, upande wa Kenya, waliomba jambo dogo: siku ya kuchukua dawa za VVU, yaani ARV, isigongane na siku ya soko. Karani aliyewajibu kwa niaba ya kliniki hakuinua hata macho. "Shukuruni mko hai," akasema, akafungua faili nyingine. Tangu nisimuliwe kisa hicho nabishana na maneno hayo peke yangu.

Walichoomba kina mama ni ubora wa maisha, na maana yake isitucheleweshe. Shirika la Afya Duniani linasema ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, nayo inatosha. Wapo wasemao hali ya nafsi haipimiki kama wingi wa virusi: kweli. Wapo wasemao fedha hazitoshi, hasa baada ya Marekani kusimamisha misaada Januari 2025: kweli zaidi.

Lakini hii shukrani! Mwenye kuidai ameshachagua kaburi liwe rula yake, na mbele ya kaburi kila kitu ni kirefu. Njaa ni afadhali kuliko kifo. Kipigo ni afadhali kuliko kifo. Mtihani usiomwangusha yeyote unapima nini? Halafu deni lenyewe ni la nani? Karani hakuivumbua dawa wala hakuilipia. Na mbona mgonjwa wa kisukari ambaye bila insulini naye angekuwa marehemu, akilalamikia foleni haambiwi ashukuru? Huyo anahurumiwa. Mwenye VVU anasamehewa, na aliyesamehewa hutarajiwa anyamaze.

Watasema sikuyaona ya zamani, watu walipokuwa wakifa bila dawa. Tuliyaona. Tororo, upande wa Uganda, mradi ulioanza 2003 ulipeleka ARV hadi majumbani kwa pikipiki, kila wiki, na kwa dawa hizo pamoja na antibiotiki ya Septrin vifo vikapungua kwa takriban asilimia 95. Waliofikiwa walishukuru bila kukumbushwa. Ila mtu akishainuka kitandani huanza kutaka: karo ya mtoto, mume, faida ya gunia la omena. Kutaka huko ndiko kuishi.

Pikipiki hizo zinanikumbusha baiskeli. Zamani, mpakani Busia na Malaba, vijana walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka forodha moja hadi nyingine, katika kile kipande cha barabara kisicho cha nchi yoyote. Nawapenda kwa jambo moja: abiria alipanda, akashuka, akalipa, wala hakuulizwa anaenda kufanya nini. Leo wapo wanaovuka mpaka kuchukua dawa Tororo ili jirani asiwaone, na mtu wa boda vilevile haulizi.

Je, maisha ya mvukaji huyo yameboreka? Yeye anasema ndiyo. Mimi ninachoona ni aibu iliyolipiwa nauli, tena kwa ajili ya virusi ambavyo, dawa ikishavifubaza hadi visionekane kwenye vipimo, haviambukizwi kitandani. Lakini kama tumekubali kwamba kipimo ni macho ya mwenyewe, nina haki gani ya kumkatalia? Na nikimkubalia, nitamjibu nini yule mwingine anayesema, kwa dhati na bila kushurutishwa na karani, kwamba kuwa hai kunamtosha?