Moto wa Jikoni na Haki ya Apikaye

Katika Sura ya Al-Waqi'a umetajwa moto pamoja na mti wake, ili wanadamu wakumbuke kwamba mti ule hawakuuotesha wao. Basi autumiaye ataulizwa.

Na zitazamwe nyumba za Dar es Salaam. Gesi ya Songo Songo ilivumbuliwa mwaka 1974, na tangu 2004 yaletwa mjini kwa bomba kuendesha mitambo ya umeme. Lakini katika nyumba nyingi taa ya umeme yawaka, na chini yake chungu kingali juu ya makaa. Kwa tanuri la udongo, kilo 1 ya makaa hula kilo 6 za kuni au zaidi. Hiyo ni israfu. Watu humlaumu akataye miti, anunuaye je?

Madhara yaliyo karibu zaidi ni moshi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiri kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka 5. Moshi huo wavutwa na mpishi na mtoto aliye mgongoni mwake, si na bwana aliyeketi barazani akingoja chai.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitoa mkakati, ya kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wapikia moto safi. Jambo hili lataka uchunguzi, na uchunguzi wake huanza kwa kumwuliza apikaye. Yeye ndiye ajuaye kwamba masikini hununua makaa kwa kopo kwa kuwa hana ila fedha ya siku, na mtungi wa gesi wataka fedha nyingi kwa mara moja. Yeye ndiye ajuaye kwa nini nyumba yenye mtungi bado huchemsha maharage kwa makaa.

Na mtu akisema, "Mambo ya jikoni ni ya wanawake," ajibiwe kwamba katika fiqhi ya Kishafii hata vyombo vya kupikia ni haki ya mke juu ya mumewe. Asiyejua bei ya kopo asiseme gesi ni ghali.

Dar es Salaam na Nairobi wamekwisha tokea wauzaji watiao mita katika mtungi: mnunuzi hulipa kwa simu fedha ya siku, na gesi hufunguka kwa kiasi hicho. Ni njia nzuri, lakini hesabu yake na ipimwe, gesi ya kidogo kidogo isije ikazidi bei ya mtungi mzima. Kwani hiyo ndiyo dhulma iliyomo katika kopo la makaa.